Droni ikichukuliwa na kusi, safari ya kuitafuta ianzie kwa sheha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili niseme na wenzangu tunaorusha droni, au ndege nyuki kama wengine wanavyoziita, katika vijiji vya pwani, na hasa wale wanaozirusha katika msimu wa kusi, upepo wetu mkali utokao kusini. Ninalotaka kusema ni moja: droni ikichukuliwa na upepo ikaangukia katika kijiji cha watu, mwenyewe aende kwa sheha, yule kiongozi wa serikali katika kijiji huku Zanzibar, siku hiyo hiyo, kabla hajatia mguu porini kuitafuta. Nalisema kwa sababu mimi sikufanya hivyo, na kosa langu lilinigharimu siku tatu za kuzunguka juani, na lililo zito zaidi, liliwatia hofu watu ambao hawakuwa wamenikosea lolote.

Mimi ni mpima, na sehemu kubwa ya kazi yangu siku hizi ni kupiga picha kutoka angani ambazo baadaye huunganishwa kuwa ramani. Julai ya mwaka jana, siku chache baada ya Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya wa jadi, nilikuwa upande wa Makunduchi, kusini ya Unguja, pamoja na kijana ninayemfundisha kazi, tukipiga picha za eneo la maweni lililo nyuma ya makaazi. Droni yetu ilikuwa ndogo, ya uzito usiofika gramu 250, imesajiliwa na ina kibali. Tuliirushia kwenye uwazi baina ya nyumba na minazi, yapata saa nne asubuhi. Pale chini upepo ulikuwa ukizichezesha kidogo tu kanga zilizoanikwa kambani, nami nikaridhika. Lau ningeinua uso ningeona kwamba makuti ya minazi yalikuwa yamelala yote upande mmoja, kuelekea kaskazini-magharibi, wala hayainuki. Jicho langu liliziona kanga, makuti halikuyatazama.

Droni nyingi za ukubwa huo huandikiwa na watengenezaji kwamba zinastahimili upepo wa mita 10.7 kwa sekunde, ambao ni kama kilomita 38 kwa saa. Watu hukisoma kipimo hicho wakadhani kinahusu upepo unaowapiga usoni, kumbe kinahusu upepo wa pale ilipo droni, na upepo wa juu ya miti na nyumba huwa na nguvu zaidi kwa kuwa hakuna kinachouzuia. Nilipoipandisha hadi mita 90 na kuielekeza bara, ilikwenda kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona, huku betri ikipungua kidogo kidogo tu, na mimi nikafurahi kwamba kazi itakwisha mapema. Upepo ulikuwa unaisukuma kutoka nyuma. Ilipofika zaidi kidogo ya kilomita moja nikaigeuza irudi, na hapo ndipo hesabu ilipobadilika: ililala kifudifudi kuukabili upepo, mapanga yakalia kwa nguvu zake zote, betri ikaanza kushuka kila nikitazama, na kasi ya kurudi ikawa mita mbili kwa sekunde, kisha sifuri, kisha ikaanza kurudi kinyumenyume huku pua yake ikinielekea mimi.

Mrushaji aliyefika hapo anatakiwa kufanya jambo ambalo moyo hulikataa, nalo ni kuishusha droni haraka hadi karibu na usawa wa miti, ambako upepo ni mdogo, na kuiweka katika mwendo wake wa kasi kabisa. Mimi niliogopa kwamba nikiishusha minazi itakata mawasiliano, nikabonyeza kitufe cha kuirudisha nyumbani nikaiachia mashine iamue. Mashine iliamua kubaki juu ilipokuwa, kwa sababu kimo cha kurudia nilikuwa nimekipanga mwenyewe kwa ajili ya kuepuka miti. Betri ilipokaribia kwisha ikaanza kutua yenyewe popote ilipo, na ilipofika mita 42 kutoka ardhini picha kwenye simu ikaganda. Picha hiyo ya mwisho bado ninayo: kichaka, mwamba mweupe, na kipande cha shamba la muhogo.

Sasa nieleze kosa la kwanza katika kuitafuta, maana nimeona wengi wakilirudia. Programu ya simu huonyesha nukta ya mahali droni ilipowasiliana na rimoti kwa mara ya mwisho. Tulikwenda kwenye nukta hiyo tukachakura kila kichaka kwa umbali wa hatua ishirini kila upande, siku ile ile na siku ya pili yake, hatukuona kitu. Nukta ile haikuwa ya mahali ilipotua. Ilikuwa ya mahali ilipokuwa ingali hewani. Droni inayoshuka mita tatu kwa kila sekunde kutoka mita 42 inahitaji sekunde 14 kufika chini, na ikiwa katika muda huo upepo unairudisha nyuma kwa mita tatu kila sekunde, itatua zaidi ya mita 40 kutoka kwenye nukta, upande ule upepo unakokwenda. Ongeza mita chache za makosa ya satelaiti. Hesabu hiyo ni ya mtoto wa darasa la tano, nami niliifanya usiku wa siku ya pili nikiwa nimekwisha kukanyaga mashamba ya watu kutwa mbili. Niliijaribu pia ile huduma ya kuifanya droni ipige mlio na kuwasha taa ili isikike kichakani, lakini huduma hiyo husaidia pale tu betri ingali na chaji, na ya kwangu ilikuwa imekufa.

Kosa la pili ndilo lililonifanya niandike barua hii. Katika siku hizo mbili hatukumwambia mtu yeyote kilichotupata. Niliona haya, na nitasema ukweli, nilikuwa pia na dhana kwamba habari ikienea mtu ataiokota akaiuza. Kwa hiyo watu wa pale waliona wageni wawili wakipita katika maweni yao kwa mistari iliyonyooka, simu mikononi, wakisimama, wakitazama ramani, wakihesabu hatua, wakiendelea. Anayeijua pwani ya kusini na mashariki ya Unguja anajua maana ya mandhari hayo: ni watu wanaopima ardhi ili ichukuliwe. Jioni ya siku ya pili mzee mmoja alitusimamisha kwenye kijia. Tulimwamkia, akaitikia, akatuuliza tunapima kwa amri ya nani. Nikamwambia hatupimi. Akasema: "Hata wale walianza hivi hivi. Walipita na simu mikononi, mwaka wa pili pakawa na ukuta." Nilipogeuka niliona nyuma yake, kwenye uwazi wa shamba, wanawake watatu wamesimama na majembe yao wanatutazama, hakuna anayelima.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi ya siku ya tatu tulikwenda kwa sheha, jambo ambalo tulipaswa kulifanya saa tano ya siku ya kwanza. Kibali cha kuruka tulikuwa nacho, na wakati wa kuanza kazi tulikuwa tumepiga hodi ofisini kwake, lakini kuruka kwa kibali ni jambo moja na kuingia mashambani mwa watu kutafuta kilichoanguka ni jambo jingine. Alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akatuuliza swali ambalo halikuwa limenijia: droni ile, ilipokuwa inasukumwa nyuma juu ya nyumba, ilikuwa inapiga picha? Ilikuwa inapiga. Nyumba zetu zina ua nyuma, na uani ndiko mwanamke anakokaa bila ya mtandio, anakofua, anakomwogesha mtoto. Akasema itafuteni, nitawasaidia, lakini ikipatikana picha hizo tutazitazama pamoja kabla hamjaondoka nazo. Nilikubali, na niliona kwamba ana haki kamili.

Alituma kijana mmoja awapitie watu waliolima upande ule. Haikupita saa nzima kijana akarudi na bibi mmoja wa makamo ya kupata wajukuu wengi, amejifunga kanga kiunoni, jembe begani. Nikamsalimu, nikaanza kumweleza kitu chenyewe kinavyofanana. Hakuningoja nimalize.

"Nakijua," akasema. "Nilikisikia kikishuka kinalia kama nyuki, kisha kikanyamaza. Nimewakataza watoto wasende. Ningemwambia nani, mwanangu, na mwenyewe hakusema?"

Alikuwa anajua tangu siku ya kwanza. Alitupeleka moja kwa moja, akipita juu ya mawe makali kwa ndara zake kwa wepesi ambao sisi na viatu vyetu vya kazi hatukuuweza, akatuonyesha kwa ncha ya jembe. Ilikuwa imelala chali baina ya mwamba na kichaka, hatua kama sitini kutoka kwenye nukta yetu, kaskazini-magharibi yake. Panga moja lilikuwa limekatika na jingine limepinda, umande ulikuwa umekauka juu ya kioo cha kamera ukaacha madoa, na sisimizi walikuwa wanaingia na kutoka katika tundu la kupitishia hewa kana kwamba nyumba ni yao. Betri ilikuwa imebonyea ubavuni na imevimba kiasi cha kwamba haikutoka kwa urahisi.

Juu ya betri naomba nikae kidogo, kwa sababu ndiyo inayonifanya niseme kwamba droni iliyopotea haiwezi kuachwa ikasahauliwa hata kama mwenyewe ana pesa ya kununua nyingine. Betri hizi za lithiamu zikibonyea au kutobolewa zinaweza kuwaka moto zenyewe, pengine saa kadhaa baada ya kuumia, na moto wake hutoa moshi wenye sumu. Mtoto anayeiokota huichukua kama mchezo, ataichokoa kwa msumari au kuipiga kwa jiwe. Katika Julai majani ya maweni yamekauka. Bibi yule hakusoma popote habari ya lithiamu, lakini alipowakataza wajukuu zake alifanya lile hasa ambalo mtaalamu angemwambia afanye. Betri tuliiweka ndani ya ndoo ya mchanga mkavu, hatukuichaji tena wala hatukuifungia garini juani, na huo ndio ushauri wangu kwa yeyote atakayekumbwa na jambo hili. Iliyoingia maji ya bahari ni ya kuogopewa zaidi, hata ikionekana nzima.

Picha tulizitazama ofisini kwa sheha. Mbili zilikuwa na watu uani. Nilizifuta mbele yake, naye akaomba nimwonyeshe pia yule mzee wa kijiani sehemu iliyobaki, aone kwamba tulichokuwa tunakitafuta ni droni na si mipaka ya shamba lake. Mzee alizikuza picha kwa vidole viwili moja baada ya nyingine, akaliona shamba lake, akatuonyesha mwembe aliopanda babake, kisha akanirudishia simu. Hakusema amenisamehe wala sikumuuliza.

Mhariri, visiwa hivi vimezizoea droni kuliko sehemu nyingi. Mwaka 2016 ulianza mradi wa kuzipiga picha Unguja na Pemba kwa droni ukiongozwa na Kamisheni ya Ardhi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na wanafunzi wetu wenyewe walifundishwa kuzirusha. Mwaka 2019, katika mashamba ya mpunga ya Cheju, droni zilinyunyiza dawa ya kuzuia viluwiluwi vya mbu wa malaria. Kazi hizo zinawezekana kwa kuwa mkulima anayesikia mlio juu ya kichwa chake anaamini kwamba aliye nyuma ya mlio huo anajulikana na anaweza kuulizwa. Kila mmoja wetu anayepoteza droni akajificha, akaingia mashambani kama mwizi au akaondoka kimya na kuiacha, anaitafuna imani hiyo, na atakayekuja baada yake na kazi ya mbu au ya mafuriko ndiye atakayefungiwa milango.

Ninachowaomba wenzangu hakina gharama. Andikeni namba ya simu kwenye ubavu wa droni kwa wino usiofutika, na nyingine ndani ya mahali pa betri. Msimu wa kusi ruka asubuhi mapema kabla upepo haujakaza, anza kwa kwenda kinyume na upepo ili kurudi kuwe ndiko kwepesi, na kimo cha kurudia nyumbani kisizidi mti mrefu wa pale ila kwa mita chache. Ikipotea, hifadhi ile picha ya mwisho na kumbukumbu ya safari, piga hesabu ya upepo, kisha uende kwa sheha useme ilipoangukia, ina nini ndani yake na nani asiiguse.

Kwa wanaosimamia usajili wa vyombo hivi, ninaomba paandaliwe karatasi moja ya Kiswahili chepesi, isiyozidi ukurasa, ipatikane katika ofisi za masheha wa pwani, yenye nafasi ya jina la mrushaji, namba ya usajili, siku na mahali droni ilipopotea, pamoja na maneno machache juu ya hatari ya betri. Sheha wetu alilazimika kuiandika taarifa yangu nyuma ya daftari la wageni, na ilipopatikana akaandika pembeni yake: imeonekana, imechukuliwa na mwenyewe, picha zimefutwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpima, Unguja