Mama, hicho kidonge kisimezwe nyumbani

Leeds, 11 Januari 2026

Mama mpenzi,

Assalaam alaikum. Sisi huku wazima, ila baridi haina huruma. Ujumbe wako wa sauti wa jana nimeusikiliza mara tatu. Umesema Zaina halali usiku, siku zake za kujifungua zimepita, uchungu hauji, na kuna mtu amemletea kidonge kutoka duka la dawa. Ndiyo maana naandika kirefu. Msomee pole pole, na Bibi naye asikie.

Tuanze na hesabu. Idi ya mwaka jana, mwisho wa Machi, nilimpigia Zaina simu akaniambia hakwenda kuswali kwa kuwa alikuwa siku ya pili ya hedhi. Kwa hiyo hatubahatishi: wiki 41 tangu hedhi ile ianze zimetimia jana au leo, na ile skeni ya mwezi wa tatu wa mimba ilisema hivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mama ambaye ana hakika amefika wiki 41 aanzishiwe uchungu. Kondo la nyuma huchoka, maji hupungua, na zikifika 42 hatari ya mtoto kufia tumboni inazidi kupanda. Wengi hutoka salama hata hivyo, najua, nawe ulichelewa na mimi. Lakini hospitali wakimwita, hawamwiti bure.

Sasa kidonge. Najua kwa nini mnakiamini: Zaina alipojifungua Hamza alipewa vitatu akameza mara moja, damu ikakatika. Ni dawa ile ile, misoprostoli, lakini siku ile mtoto alikuwa ameshatoka. Mtoto akiwa bado ndani, kipimo ni mikrogramu 25, na kidonge kimoja kina 200. Maana yake ni sehemu moja ya nane! Hospitali hukiyeyusha kidonge kimoja kwenye mililita 200 za maji, wakampa mama mililita 25, wakangoja saa mbili, wakausikiliza moyo wa mtoto kabla ya kumwongezea. Akimeza kizima nyumbani, kizazi kinaweza kukaza bila kuachia, mtoto akakosa hewa, kizazi chenyewe kikapasuka. Zaina hana kovu la upasuaji, alhamdulillahi. Angekuwa nalo, hata hospitali wasingempa.

Na ule mumbwa, udongo wa mitishamba, Mama, niwie radhi. Najua umeusugua kwenye maji kwa ajili yetu sote, na Bibi kabla yako. Sisemi kila tonge la udongo ule lina sumu. Ninachosema ni kwamba hakuna anayejua nguvu iliyomo, na ukishanyweka hautoki. Yule jirani yetu wa nyuma ya msikiti, nikiwa sekondari, senior ya nne, alikunywa mitishamba ya kuharakisha. Uchungu ulikuja kama radi, kisha ukanyamaza ghafla. Tulidhani amepumzika, kumbe kizazi kilikuwa kimepasuka. Mlilia wote, mimi niliwabeba watoto wake wawili waliobaki. Mafuta ya mbarika nayo yaacheni, yatamharisha tu na kummaliza nguvu.

Mimi mwenyewe, kama unavyokumbuka, nilianzishiwa kwa puto. Ni mpira mwembamba kama ule wa mkojo, unapitishwa kwenye mlango wa kizazi, kisha kichwa chake kinajazwa maji. Nililala nao usiku kucha, umebandikwa kwa plasta pajani, nausikia ukivuta taratibu kama mtoto anayevuta pindo la gauni. Alfajiri nilikwenda chooni, ukadondoka wenyewe. Mkunga akapima, njia ilikuwa imefunguka sentimita tatu. Wakaipasua chupa ya maji ya uzazi kwa kijiti chenye ncha kama sindano ya kufumia, wakanitundikia dripu ya dawa ya uchungu, na kabla ya adhuhuri nikamshika Salma. Uzuri wa puto ni kwamba haliingizi dawa mwilini, na kizazi hakikazwi kupita kiasi kama kidonge kinavyoweza. Mpira wenyewe si ghali, hospitali za huko wanao. Zaina aulize, asione haya.

Dripu ndiyo inayonitia wasiwasi. Inaanza matone machache, inaongezwa kidogo kidogo, na lazima awepo mtu wa kuyahesabu na kusikiliza moyo wa mtoto. Wadi ikiwa imejaa na mkunga ni mmoja, wewe Mama kaa karibu. Uchungu ukija mfululizo bila nafasi ya kuvuta pumzi, mwite, hata akikukaripia.

Tende ale, hazina ubaya, na Bibi atafurahi kumsimulia kisa cha Bibi Maryam na mtende. Kutembea atembee. Mkunga akitaka kuzungusha kidole ili kuutenganisha utando na mlango wa kizazi, akubali. Inauma kidogo, pengine atoke na damu kidogo, lakini wapo ambao uchungu huwaanza wenyewe baada ya hapo.

Nimetuma pesa leo kwenye simu yako. Kesho asubuhi mpelekeni Hospitali ya Kawempe, kwa gari, si bodaboda. Bebeni kaveera, ile karatasi ya plastiki, glavu, pamba, wembe, leso mbili safi na kile kitabu cha kliniki chenye tarehe zote. Usiku wa leo akiona damu nyingi, au maji ya kijani, au mtoto akiacha kucheza, msingoje asubuhi.

Hicho kidonge kirudishe kwa aliyekileta, kwa upole. Najua alitaka kusaidia.

Nipigie mkishafika. Hapa tuko nyuma yenu kwa saa tatu, lakini simu nitalala nayo mkononi.

Mwanao akupendaye,
Hadija