Kwa nini alumini inaganda kwenye katta, na sisi tunaichongaje

Wiki iliyopita kuna fundi kijana kanitumia picha WhatsApp usiku, endimili (katta ya kuchongea ya mashine ya milingi) ya milimita 8 imejaa alumini katikati ya meno mpaka meno yenyewe huyaoni, imekuwa kama kipande cha nondo, na chini kaandika "kaka shikamoo, hii ni feki? ya tatu leo". Nikamjibu marahaba, nikamuuliza ina meno mangapi, akasema manne. Raundi kwa dakika? 3,000. Na fidi, yaani mwendo wa kuisogeza katta kwenye kazi, unaendaje, akasema naenda milimita 80 kwa dakika, taratibu kabisa, naogopa kuvunja.

Endimili yake sio feki. Anaua katta kwa kuzionea huruma, na hili tunaliona sana kwa mafundi na hata kwa wateja wanaokuja hapa karakana kwetu Gerezani, Dar es Salaam, wakisimama pembeni ya mashine wanasema fundi punguza, punguza, utavunja! Kwa hiyo nimeona niandike kabisa ili mtu akileta kazi ya alumini ajue tunafanya nini na kwa nini tunauliza maswali mengi.

Alumini ni laini, ndo maana watu wanaidharau. Inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi wakati chuma kinataka karibu 1,500, na kabla haijafika huko inakuwa inanata, inashika kwenye ncha ya katta kama ugali kwenye mwiko. Ikishaganda hapo katta haikati tena kwa ncha yake, inakata kwa kile kidonge cha alumini kilichoganda, ambacho ni butu, kwa hiyo inasugua, ikisugua joto linapanda, joto likipanda inaganda zaidi, afu maranda yanakosa pa kutokea na hapo ndo unasikia "taa!" kipande cha katta kimeruka.

Sasa piga hesabu ya huyu kijana. Raundi 3,000 mara meno 4 ni 12,000, ukigawa 80 kwa 12,000 kila jino linapata kama 0.007 ya milimita. Unywele wa kichwa una unene kama mara kumi ya hapo! Jino haliwezi kukata kitu chembamba hivyo, linateleza juu yake tu na kuchemsha. Nikamwambia weka endimili ya meno mawili, raundi acha hizo hizo, fidi weka 240, yaani kila jino lile 0.04. Aliogopa. Kesho yake akanitumia video maranda yanaruka meupe yanang'aa, na mlio wa mashine umetulia. Zile katta zake ambazo hazijavunjika nikamwambia asitupe, anaweza kuziloweka kwenye magadi makali ya kutengenezea sabuni, yaani kostiki soda iliyochanganywa na maji, inakula alumini yote na katta inabaki. Ila fanya nje kwenye hewa, vaa miwani na glavu, usifunike chombo na usivute sigara karibu maana ile inayochemka ni haidrojeni inatoka, na hiyo kostiki ikiingia jichoni ni upofu, sitanii.

Turudi kwenye meno. Katta ya meno manne ni nzuri kwa chuma, ila mifereji yake ni myembamba, na alumini inatoa maranda mengi kwa wakati mmoja, kwa hiyo sisi alumini tunaichonga kwa meno mawili au matatu basi. Mawili ukiwa unachonga mfereji, matatu ukiwa unapita pembeni au unamalizia. Angalia pia msokoto, katta za alumini zimesokotwa zaidi, nyuzi 45 hivi badala ya 30, na ndani ya mfereji wake zimeng'arishwa kama kioo ili maranda yateleze. Ukishika moja ya chuma na moja ya alumini utaona tofauti hata bila miwani.

Rangi nayo inawachanganya watu, dukani ukiuliza katta kali unapewa ile nyeusi-nyeusi ya zambarau. Nyingi ya hizo zimepakwa TiAlN, utando mgumu wa titani, alumini na naitrojeni, na hiyo Al hapo katikati ndo alumini yenyewe, kwa hiyo alumini inaikaribisha ndugu yake inashika vizuri zaidi. Kwa kukata chuma ni nzuri sana, kwa alumini hapana. Chukua kabaidi (katta ngumu sana ila inavunjika kirahisi) isiyopakwa kitu, au iliyopakwa utando wa ZrN ambao ina rangi kama dhahabu iliyopauka, au utando wa DLC, wa kaboni ngumu kama almasi, kama mfuko unaruhusu. DLC nayo ni nyeusi, kwa hiyo usiangalie rangi peke yake, soma boksi.

Kuhusu raundi, hesabu ni rahisi, chukua mwendo wa kukata kwa mita kwa dakika, zidisha 1,000, gawa kwa 3.14 mara kipenyo cha katta. Kabaidi kwenye alumini inaweza mita 250 bila shida, kwa katta ya milimita 10 hiyo ni karibu raundi 8,000. Wengi wetu mashine hazifiki huko, nyingi ni za mtumba na zingine mwisho 1,500. Haina neno. Kwa mashine kama hiyo hai spidi, yaani katta ya chuma kigumu (HSS), yenye ncha kali inafanya kazi nzuri tu, na ikigonga haivunjiki kirahisi kama kabaidi. Cha muhimu ukipunguza raundi punguza na fidi kwa uwiano, ili jino liendelee kula kiasi kile kile. Raundi 4,000, meno matatu, 0.05 kila jino, ni 600 kwa dakika. Ikiwa 2,000 basi 300.

Halafu shika katta fupi. Ukiitoa nje ya koleti, kile kishikio cha katta, mara mbili ya urefu, inapinda mara nane, sio mara mbili, na kupinda huko ndo kule kutetemeka kunakoacha mistari kwenye kazi yako. Na kulanti, yaani maji ya kupoozea, ukiwa nayo imwage ya kutosha, huna basi hata hewa ya kompresa ya kupuliza maranda inasaidia sana kwa sababu katta ikikata maranda mara ya pili inaganda hapo hapo. Mafuta ya taa mafundi wa zamani wanayatumia na kweli yanafanya kazi, kwa brashi, kidogo kidogo, ila sio kwenye mashine inayokimbia sana, yanashika moto.

Sasa swali letu kubwa kwa mteja: hii alumini umeitoa wapi? Sio umbea. Aina inayoitwa 6061 au 6082 inachongeka vizuri kabisa. Ile ya fremu za madirisha ni laini, inanata zaidi. Ile iliyoyeyushwa mtaani kutoka kwenye skrepu inaweza kuwa na mchanga, vipande vya chuma na matundu ndani. Mwaka jana tulipokea tofali la hivyo la kutengeneza kifuniko cha pampu, mbele kizuri, kufika katikati katta ikagonga kitu kigumu ikakatika, na chini yake tukakuta tundu linaloingia kidole. Kazi ikaanza upya na mteja akaumia, na mimi roho iliniuma maana tungeuliza mapema. Hedi ya injini ya gari nayo ina silikoni nyingi, inakula ncha, kwa hiyo bei yake haiwezi kulingana na pleti ya 6061.

Na tukikwambia subiri ipoe ndo tupime usione tunakuchelewesha. Pleti ya milimita 300 ikipanda joto nyuzi 20 tu inarefuka kama 0.14 ya milimita, mara mbili ya chuma. Ukipima tundu la beringi hapo pleti ikiwa ya moto, jioni beringi haiingii.

Ukituletea kazi, mchoro wa mkono kwenye karatasi ya daftari unatosha, andika vipimo kwa milimita na utuambie tundu lipi linapita boliti na lipi linakaa beringi, maana la beringi tunalichonga mwisho kabisa, pleti ikishapoa.