Ini la kupandikizwa huumia zaidi damu inaporudi

Mhariri,

Makala yenu kuhusu upandikizaji wa ini iliwasifu madaktari wa upasuaji, na sifa hizo wanastahili. Lakini safari ya ini kutoka kwa mtoaji hadi kwa mgonjwa ilipewa sentensi moja tu: kwamba huwekwa kwenye barafu lisiharibike. Naomba nafasi niongezee hapo.

Baridi ya nyuzi 4 hivi hupunguza kazi za seli, haizisimamishi. Oksijeni ikikosekana akiba ya nishati huisha, na mabaki ya kemikali, hasa suksineti, hurundikana. Ini likishaunganishwa, damu yenye joto na oksijeni hurudi kwa ghafla. Mabaki hayo huunguzwa kwa pupa, na molekuli kali za oksijeni zinazozalishwa huanza kuzijeruhi seli. Kisha jeni huingia kazini. Zile za uvimbe huwashwa, zikatoa protini zinazoziita chembe nyeupe za damu, nazo zikifika hulishambulia ini lenyewe. Wakati huohuo huwashwa jeni za kujikinga, ikiwemo ya kimeng'enya kiitwacho hemu oksijenesi-1. Mengi hutegemea ni kundi lipi limetangulia.

Mwaka 1999 watafiti wa Los Angeles waliiongezea nguvu jeni ya kimeng'enya hicho katika maini ya panya wanene, kwa dawa au kwa kirusi cha kubebea jeni, na maini yakastahimili vizuri zaidi. Panya wanene walichaguliwa makusudi: ini lenye mafuta mengi huumia upesi, na madaktari hulikataa mara nyingi. Hata hivyo, tiba hiyo bado haijawa jambo la kawaida hospitalini. Jeni ya kinga inatakiwa iwashwe kabla ya madhara, na kwa mtoaji aliyefariki muda huo ni haba; tena dawa ukimpa yeye, umeipa na moyo na figo zinazokwenda kwa wagonjwa wengine.

Ndiyo maana naona mashine za kulitunza ini nje ya mwili zina maana kubwa kuliko barafu. Utafiti ulioongozwa na Oxford na kuchapishwa 2018 ulilitunza ini katika joto la mwili, likipitishiwa damu: dalili za kuumia zilipungua kwa nusu, na maini yaliyotupwa vilevile, ingawa yalikaa nje muda mrefu zaidi. Mimi huvutiwa zaidi na njia ya Groningen, Uholanzi, iliyo rahisi: kulipitishia ini maji baridi yenye oksijeni kwa angalau saa mbili kabla ya kupandikiza, ili mabaki yaungue polepole. Kwa maini ya watoaji ambao moyo ulikuwa umesimama, matokeo ya 2021 yalionyesha kusinyaa kwa mirija ya nyongo kukishuka kutoka asilimia 18 hadi 6. Na ini likiwa kwenye mashine, linaweza kupewa lenyewe peke yake dawa ya kuwasha jeni ya kinga. Zurich, Uswisi, wameshalitunza ini siku tatu, wakampandikizia mgonjwa.

Lakini kwetu Tanzania faida hiyo tusiikuze mno. Wagonjwa wetu wanaokwenda India kwa kawaida hupewa kipande cha ini cha ndugu aliye hai, ambacho hakikai muda mrefu kwenye barafu. Kwao mashine hizi hazibadilishi mengi. Zitatuhusu tutakapoanza kupokea maini ya waliofariki, na hilo linahitaji sheria na ridhaa za familia kabla ya kununua mashine yoyote.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam