Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: tunaomba ramani ya tope

Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima. Alfajiri ya Jumamosi, baada ya ile mvua iliyoezua mabati huku kwetu Mwanza, maji yalianza kutoka chini ya tuta la bwawa la topesumu, lile tope la mabaki ya mgodi. Yanatiririka, na ukiyakinga kwenye ndoo yanatuama mchanga laini wa kijivu. Mlinzi wa mgodi alikuja, akapiga picha kwa simu, akatuambia tusiwe na wasiwasi. Maji hayo yanaingia kwenye majaruba yangu ya mpunga, na kutoka hapo ziwani si mbali.

Mkutanoni ulitwambia kompyuta imethibitisha bwawa halibomoki. Tunaishukuru sana kompyuta. Ila ililishwa nini? Mwanangu anasomea uhandisi wa migodi, ndiye kanieleza: hesabu zile zinategemea kimo cha maji ndani ya tuta. Maji yakipanda, shinikizo la maji kati ya chembe za mchanga linapanda na tuta linaishiwa nguvu. Ukiipa kompyuta maji ya kiangazi, itakupa jibu la kiangazi. Sasa ziko pizomita pale tutani za kupimia hayo maji. Nani amezisoma tangu masika yaanze? Moja imemezwa na nyasi, mbuzi wanajikuna hapo.

Bwawa la Brumadinho, Brazili, nalo lilikuwa na cheti cha uthabiti. Januari 25, 2019 likaporomoka mchana, watu 270 wakafa. Wataalamu waliochunguza walisema halikuonyesha dalili kabla. Sisi dalili tunayo, inatiririka. Na kwa nini twende Brazili? Novemba 2022 bwawa la Mwadui, hapo Kishapu, lilipasuka, tope likafunika mashamba.

Nahisi chanzo ni kule kuliongezea tuta kimo juu kwa juu. Nahisi tu, mimi mkulima.

Lakini anayepiga hesabu za bwawa kubomoka hutoa pia ramani: tope litafika wapi, baada ya dakika ngapi, kwa kina gani. Uliahidi itabandikwa ofisi ya kijiji "wiki ijayo". Wiki hiyo ni ndefu, Mheshimiwa. Pale ubaoni lipo tangazo la mwenge tu.

Tupe ramani. Hata ya karatasi moja. Mama yangu hatembei, nataka kujua nimhamishie kwa ndugu yupi.

Wako mtiifu (bado),
Mkulima wa mpunga, chini ya bwawa