Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TBC: Tufungulieni maktaba ya mahojiano

Kwako Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC),
Dar es Salaam.

YAH: MAHOJIANO YA ZAMANI YA REDIO YATOLEWE KAMA PODIKASTI

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Ombi langu ni moja. Mahojiano yaliyorekodiwa tangu enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam yatolewe kama podikasti, mazima na bure, moja baada ya jingine. Sisemi vipande. Vipande tunavyo: dakika mbili za Mwalimu zinazunguka WhatsApp bila tarehe wala mahali, na mara nyingine zimekatwa pale pale alipotaka kusema "lakini".

Na Mwalimu, kusema kweli, hajasahaulika. Wosia wa Baba tumeusikia miaka nenda rudi. Waliopotea masikioni ni wale waliopelekewa maikrofoni siku za kawaida: mkulima, mkunga, katibu wa ushirika, mpiga gita. Mwaka 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Ningependa kuwasikia hao wakieleza walichoelewa na walichobishia. Halafu kuna wageni wetu. Kamati ya Ukombozi ya OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na vyama vya ukombozi vya FRELIMO, ANC na SWAPO vilitangazia watu wao kutoka kwetu. Redio ya mji wa namna hiyo haikukosa watu wa kuwahoji.

Mimi ni mtu wa Morogoro, kwa hiyo nina langu la pembeni. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali Mombasa mwaka 1979. Sauti yake akiimba naifahamu kuliko ya baadhi ya wajomba zangu, ila sijapata kumsikia akiongea. Naomba mnitafutie maongezi yake, na ya mwanamuziki mwenzake Marijani Rajab.

Mfano wa jambo hili upo. BBC wana kipindi kinaitwa Desert Island Discs, kilichoanza Januari 1942. Mgeni anaulizwa achague sahani nane za muziki ambazo angependa kuwa nazo akiachwa peke yake kisiwani, na katika kuzieleza anajikuta amesimulia maisha yake yote. Mwaka 2011 waliifungua hazina yao mtandaoni, mamia ya mahojiano kwa mpigo, na leo mtu wa Mbeya au Muscat anaweza kupakua mazungumzo yaliyofanyika kabla hajazaliwa. Lakini BBC hao hao, pamoja na hela zao, hawana vipindi vingi vya miongo ya mwanzo, kwa sababu wakati ule hakuna aliyeona haja ya kuvihifadhi. Mwaka 2022 vipindi zaidi ya 90 vya miaka ya 1960 na 1970 vikaibuka kwa mkusanyaji mmoja wa kanda za zamani, kikiwemo cha Bing Crosby. Vilikuwa vimerekodiwa majumbani na wasikilizaji.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, Ndugu Mkurugenzi. Watanzania tulirekodi redio kama vichaa. Kila nyumba yenye redio kaseti ilikuwa na kanda ya "usiguse", imebomolewa vile vidude viwili vya plastiki juu ili asitokee mtu wa kurekodia juu yake, na mtoto mtundu akaziba matundu kwa karatasi na kurekodia Zilipendwa. Tulikuwa tukivizia nyimbo, lakini kabla ya wimbo kuna mtangazaji anamhoji mtu, na baada ya wimbo pia. Kaseti hizo bado ziko kwenye masanduku ya nguo Songea, Bukoba, Tanga. Mkitangaza kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku kwamba TBC inaomba kaseti za zamani, inakili na kuzirudisha kwa mwenyewe, mtapata vitu ambavyo hata maktaba yenu haina.

Kunakili si kazi ya kulala nayo. Baadhi ya kanda kubwa za miaka ya 1970 na 1980 gundi yake hunyonya unyevu, na unyevu wa Dar es Salaam hauhitaji utambulisho. Ukiipandisha kanda ya namna hiyo kwenye mashine inapiga kelele, inakwama, inaacha unga wa kahawia kwenye hedi, na unga huo ndio sauti yenyewe. Mafundi huioka kwa joto la nyuzi hamsini na kitu kwa saa kadhaa, kisha wanainakili upesi kabla haijarudia hali yake. Mashine zenyewe hazitengenezwi tena kama zamani, na vipuri ni vya kuwinda.

Hata hivyo, mashine hazinitishi kama majina. Kanda iliyoandikwa "Mahojiano, Dodoma" haina maana kwa kijana wa miaka 25 anayeipokea leo. Anahitajika mtu wa kukaa naye, avae vidude vya masikioni, aseme: huyu anayeuliza ni fulani, huyu anayejibu alikuwa katibu wa mkoa, na hapa walikuwa kwenye ufunguzi wa kiwanda. Watu hao ni watangazaji na mafundi mitambo wenu wastaafu. Julius Nyaisanga alituacha 2013, Charles Hilary 2025. Waliobaki waiteni sasa, muwalipe posho ya heshima, na msiwaite kwa ajili ya kukata keki tu.

Kuhusu hakimiliki, najua wanasheria wenu watakuja nayo kwanza. Nyimbo zilizomo ndani ya mahojiano ni jasho la wanamuziki na familia zao, hilo mzungumze na COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki. BBC kwenye podikasti zao huufupisha muziki na kuyaacha maongezi. Nanyi fanyeni hivyo.

Mkishaanza, nina maombi ya msikilizaji msumbufu. Msiweke muziki wa kinanda chini ya sauti za watu. Msifute ukimya, kikohozi, wala jogoo wa nyuma ya nyumba. Mtangazaji wa leo aseme tarehe, mahali na majina, basi, atupishe. Msizifungie ndani ya programu moja ya simu. Ziwekwe mahali ambapo programu yoyote ya podikasti inazichukua. Na ziwe nyepesi: saa nzima ya maongezi kwa kilobiti 64 kwa sekunde haifiki MB 30, kiasi ambacho dereva wa lori la Tunduma anaweza kupakua akiwa Chalinze akasikiliza njia nzima bila kumaliza bando.

Msianze na marais. Anzeni na wale wa Mtu ni Afya.

Kaseti zangu chache zipo tayari. Tangazo likitoka tu, nitazileta mwenyewe Barabara ya Nyerere, ila nitaomba risiti.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msikilizaji wa TBC Taifa,
Morogoro.