Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Msikae Tu Kwenye Foleni

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu, na nyinyi bibi, shangazi na kaka mnaolea watoto wenye ulemavu,

Nianze na fedha, kwa kuwa huko hakuna mengi. Mweka hazina ameshawatumia hesabu zilizokaguliwa, ada zenu ndizo zilizotubeba, na hatudaiwi na mtu. Kuhusu wanachama, waliojiunga mwaka huu wengi ni familia za Kikongo zilizowahi kuingia Marekani kabla mlango wa wakimbizi haujafungwa Januari 2025. Baadhi wametoka kambi za Nyarugusu na Kakuma na mtoto ambaye hakuwahi hata siku moja kupimwa na daktari wa mishipa ya fahamu. Karibuni sana. Yanayofuata nimeyaandika zaidi kwa ajili yenu, ingawa nadhani hata wakongwe watapata jambo.

Swali lililotufikia mara nyingi kuliko yote mwaka huu ni hili: "Mama mwenyekiti, wametuambia mtoto yupo kwenye orodha ya kusubiri huduma za nyumbani, inaweza kuchukua miaka. Tufanye nini?" Jibu la kamati ni moja, nami nalisimamia: andikisheni mtoto kwenye orodha, halafu msikae kuingoja. Yako mengi ya kudai leo ambayo hayana foleni, na anayekupa fomu mara nyingi hatakutajia.

Ili jambo hili lieleweke lazima nirudi nyuma kidogo. Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo na wenye ulemavu, hulipwa kwa pamoja: serikali ya shirikisho hutoa angalau nusu ya gharama, jimbo hutoa iliyobaki. Sheria inalilazimisha jimbo kulipia hospitali na makao ya uuguzi. Matunzo ya nyumbani, kwa sehemu kubwa, limeachiwa lichague lenyewe. Kwa hiyo mfumo ulizaliwa umeegemea taasisi, na kila tulichopata nyumbani kilipatikana kwa kusukumana.

Mmoja wa waliosukuma alikuwa mama wa Cedar Rapids, Iowa, Julie Beckett. Binti yake Katie, aliyezaliwa 1978, alipata maambukizi ya ubongo akiwa mchanga, akawa anategemea mashine ya kupumua. Madaktari walikuwa tayari kumruhusu aende nyumbani, lakini Medicaid ingelipa tu akibaki hospitalini. Akitoka, kipato cha wazazi kingehesabiwa naye angekosa msaada, ingawa kumtunza nyumbani kulikuwa nafuu mara kadhaa. Novemba 1981 Rais Reagan alikitaja kisa hicho hadharani kama mfano wa kanuni isiyo na akili, na kabla mwaka haujaisha Katie alikuwa kwao. Aliishi hadi 2012, mtu mzima mwenye shahada na sauti yake katika mambo haya.

Mwaka huohuo wa 1981 Kongresi iliyaruhusu majimbo kuomba weiva, yaani ruhusa ya kulipia huduma za nyumbani na za jamii kwa mtu ambaye vinginevyo angestahili kulazwa kwenye taasisi. Mwaka 1982 ikaongezwa njia ya pili ambayo hadi leo inaitwa kwa jina la Katie Beckett: jimbo likiichagua, huangalia kipato cha mtoto peke yake na kukiacha cha wazazi. Baba mwenye kazi ya ghalani na zamu za ziada, uliyeambiwa umezidi kipimo, uliza kwanza kama jimbo lako lina njia hiyo au weiva ya watoto inayofanya kazi hiyohiyo. Wanachama wetu kadhaa waliuliza mwaka huu baada ya kukataliwa, na mlango ukafunguka.

Sasa kuhusu foleni. Weiva ina idadi ya nafasi, na jimbo ndilo hupanga idadi hiyo. Zikijaa, unasubiri. Shirika la utafiti la KFF lilihesabu mwaka 2024 zaidi ya watu 700,000 kwenye orodha za nchi nzima, wengi wao wenye ulemavu wa akili au wa makuzi. Msiisome namba hiyo kama kipimo kamili cha uhitaji, kwa sababu yako majimbo yanayomwandika yeyote anayepiga simu bila kuangalia kama anastahili, na mengine huchuja kwanza. Ndiyo maana huwa sipendi tukilinganisha majimbo kwa urefu wa orodha. Lakini hata ukipunguza nusu, bado ni watu wengi mno.

Na hapa ndipo kiini cha taarifa hii kilipo. Mtoto yeyote aliye chini ya miaka 21 na aliyeandikishwa kwenye Medicaid kamili ana haki inayoandikwa EPSDT, yaani haki ya kupimwa mapema na kutibiwa. Imekuwapo tangu 1967, na mwaka 1989 Kongresi iliitia nguvu: huduma yoyote iliyo ndani ya orodha ya Medicaid ya shirikisho, ikiwa ni ya lazima kitabibu kwa mtoto huyo, jimbo lazima liilipie, hata kama huwa haliwapi watu wazima. Ndani yake wamo muuguzi wa kukaa na mtoto nyumbani, msaidizi wa kumwogesha na kumlisha, tiba ya viungo, tiba ya usemi, tiba za tabia kwa mtoto mwenye usonji, kiti cha magurudumu, mashine ya kufyonza makohozi, mrija wa kulishia. Jimbo linaweza kudai kibali cha awali. Haliwezi kusema "nafasi zimejaa", wala kumwekea mtoto kikomo cha saa kisichovukika bila kuangalia hali yake mwenyewe.

Mwaka huu mwanachama wetu mmoja, mama wa kijana mwenye mtindio wa ubongo na kifafa, alipokea barua kwamba saa za muuguzi wa usiku zinapunguzwa. Kisa kilichoandikwa ni kwamba kijana "ametulia". Kwa kweli alikuwa ametulia kwa sababu kuna mtu macho usiku! Mama hakulia na barua ile. Aliomba rufaa kabla ya tarehe ya mabadiliko, akadai saa ziendelee hadi uamuzi utoke, na akamwomba daktari aandike upya: idadi ya degedege kwa wiki, mara ngapi makohozi hufyonzwa, nini kitatokea kama hakuna mtu. Saa zilirudishwa. Nimeruhusiwa kulisimulia kwa sababu lina funzo la kazi: barua ya daktari inayosema "mtoto ni mlemavu, anahitaji msaada" haibebi kitu. Inayobeba ni ile inayotaja kitendo, mara ngapi, na hatari.

Kumbukeni tarehe. Kwa kawaida jimbo linatakiwa kukutumia notisi siku 10 kabla ya kupunguza huduma, na ukiomba rufaa ndani ya muda huo unaweza kudai huduma isikatwe. Nisiwafiche upande wa pili: ukishindwa, majimbo mengine yanaweza kukudai gharama za kipindi hicho. Jadilianeni na mwanasheria wa msaada wa bure kabla ya kuamua.

Haki kuwapo kwenye karatasi si sawa na muuguzi kuwapo mlangoni. Julai 2023 jaji wa shirikisho aliamua kwamba Florida ilivunja sheria ya haki za watu wenye ulemavu kwa kuwaacha watoto kwenye makao ya uuguzi wakati wangeweza kuishi kwao. Familia nyingi zilikuwa na saa zilizoidhinishwa, ila hakukuwa na wauguzi wa kuzijaza. Jimbo lilikata rufaa. Wengi wetu tunaujua upungufu huo bila kwenda mahakamani, na sababu yake ni mishahara duni ya wanaofanya kazi hii, ambao, tuseme ukweli, wengi ni ndugu zetu haohao.

Yapo mambo ambayo EPSDT haiyafikii: saa za mlezi kupumzika, kupanua mlango wa choo, kujenga njia ya mteremko. Hayo kwa kawaida hutoka kwenye weiva. Ndiyo maana nasema jiandikisheni hata hivyo, na mapema. Na kabla hujahamia jimbo lingine kufuata shemeji au kiwanda, jua kwamba nafasi yako kwenye foleni haihamishwi. Unaanza chini.

Kuhusu mzazi kulipwa kwa kumtunza mwanawe mdogo: majimbo mengi yaliruhusu wakati wa korona, na baadhi yakaendelea. Lakini Indiana iliwaondoa wazazi kwenye mpango wake wa wasaidizi wanaolipwa kwa saa kuanzia Julai 2024, baada ya kugundua pengo kubwa la bajeti. Aliyeacha kazi kwa kutegemea malipo haya na awe na mpango wa pili.

Hilo linanileta kwenye sheria ya bajeti iliyosainiwa 4 Julai 2025. Ofisi ya bajeti ya Kongresi inakadiria itapunguza fedha za shirikisho za Medicaid kwa zaidi ya dola bilioni 900 katika miaka kumi. Haikutaja kufuta weiva zetu. Ila jimbo likibanwa, hukata kwanza lile ambalo halilazimishwi kulitoa, na nimeshaeleza lipi halilazimishwi.

Kuna kifungu kinachotugusa zaidi. Kuanzia 1 Oktoba 2026, mkimbizi au aliyepewa hifadhi ambaye bado hajapata kadi ya kijani ataanguka nje ya Medicaid ya kawaida. Kwa watoto waliopo nchini kihalali, majimbo yaliyochagua kuwahudumia chini ya kipengele cha 2009 yanaweza kuendelea. Si kila jimbo limechagua. Ombi la kadi ya kijani la mtoto lisisubiri zamu ya baba. Na kwa wenye hofu kwamba kuomba huduma kutaharibu uhamiaji wao: wakimbizi na waliopewa hifadhi wametolewa na sheria yenyewe kwenye kipimo cha kuwa mzigo kwa serikali. Wengine waulizeni wanasheria, kwa sababu mwaka huu serikali imependekeza kubadili kanuni ya 2022 inayohusu kipimo hicho.

Sharti la kufanya kazi kwa baadhi ya watu wazima litaanza kufikia Januari 2027, lakini anayemlea mtu mwenye ulemavu ameachwa nje. Msamaha huo hautakuja wenyewe, mtatakiwa kuonyesha ushahidi. Anzeni kuhifadhi barua.

Ukalimani ulituchosha mwaka huu. Bado kuna ofisi zinazomtaka dada wa miaka kumi na miwili atafsiri habari za kifafa cha mdogo wake. Kanuni za shirikisho zinakataza jambo hilo isipokuwa kwa dharura, na mkalimani ni bure kwako. Semeni "Kiswahili cha Kongo" kama ndicho mnachosikia. Mkalimani wa Mombasa ni hodari, ila usinyamaze ukiitikia tu maneno usiyoyaelewa.

Wenye vijana wanaokaribia miaka 18, njooni tuzungumze mapema: fedha za SSI, yaani msaada wa kila mwezi wa serikali kwa wenye ulemavu na kipato kidogo, hupimwa upya kwa kipimo cha watu wazima, ingawa kipato cha wazazi huacha kuhesabiwa. Miaka 21 ni mbaya zaidi, kwa kuwa EPSDT hukoma siku hiyo.

Kamati inaleta hoja mbili mkutanoni. Ya kwanza, sehemu ya ada ya 2026 itengwe kuwalipa wanasheria na wakalimani wa kutusaidia kwenye rufaa. Ya pili, kila jimbo lenye wanachama wetu lichague mzazi mmoja wa kufuatilia vikao vya bajeti na kusema hapo wananchi wanapopewa nafasi. Majina yapelekwe kwa katibu kabla ya siku ya mkutano. Watakaoshindwa kuingia kwa video wanaweza kupiga kura kwa simu, na watoto wakipiga kelele wakati wa mkutano hakuna atakayeambiwa azime maikrofoni.

Mwenyekiti