Kikapu changu kimekosa nini?

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu enzi za muuza karanga kulichana vipande akasokota vifungio, na miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia. Ila ile ripoti ya juzi ya vifungashio imenishinda. Eti kabla ya plastiki watu wa huku hawakuwa na vifungashio salama vya chakula. Sisi tuliozaliwa kabla ya Rambo, mifuko ile ya plastiki, tulikuwa tunakula nini, upepo?

Mi ni mtu wa Tanga. Embe za shamba zilikuja kwenye pakacha, mtu anachukua kuti bichi la mnazi anasuka huku mnapiga stori, stori haijaisha pakacha liko tayari, na likikauka linaishia jikoni. Tende tulipata kwenye makanda ya ukili zimeshindiliwa humo, halua ya Pemba kwenye kikapu chake kidogo. Debe la mafuta ya taa, galoni nne, likiisha mafuta linachotea maji, linapimia mahindi, likichoka kabisa linakuwa bati la banda la kuku. Nyama kufungwa kwenye gazeti hapo nakubali, wino ulikuwa unabaki kwenye mnofu, sibishi. Lakini usafi? Kawaulizeni akina mama wa Kimasai, kibuyu cha maziwa kinasuguliwa ndani kwa kijinga cha moto cha oloirien, mzeituni wa porini ule, moshi unakolea, maziwa yanagandia humo na yanakaa siku kadhaa na harufu yake tamu. Chupa ipi ya plastiki utaitia kijinga?

Sasa sikieni kilichonikuta mwezi uliopita. Naingia supamaketi moja hapa mjini na kikapu changu cha ukindu, kisafi, nimekifua mwenyewe, mlinzi kanizuia mlangoni, "mama, kapu haliingii." Kwa nini? "Utaratibu." Haya nikakiacha, nikachukua sukari, sabuni na majani ya chai, nafika kwa keshia binti ananiuliza nikuwekee mfuko, mia tano. Nikamwambia mwanangu mfuko ninao, uko pale mlangoni umekamatwa na askari wenu. Akacheka, watu kwenye foleni wanasonya, mi mikono ni miwili tu basi nikalipa, nikatoka nikamwaga vitu vyote ndani ya kikapu mbele ya yule yule mlinzi, na huo mfuko wa mia tano ukachanika mkono hapo hapo, nikamkabidhi autunze yeye kwa huo utaratibu wake! Na mi mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019 nilishangilia nikidhani kikapu kimerudi mjini, kumbe kilichorudi ni mtu kuniuzia mfuko.

Na msinifanye nianze ya magunia. Katani imeingia mkoa huu 1893, Moshi kulikuwa na kiwanda cha magunia, leo nenda sokoni Mgandini uone maharage yamekaa kwenye nini. Viroba vya plastiki, juu vimeshonewa kilemba cha lumbesa, mkulima analipwa gunia moja wakati kajaza karibu moja na nusu. Hilo mbona hamliandiki? Au mkulima naye hana kifungashio salama?

Mi nina ombi moja. Huyo mwandishi wenu aje Tanga, nauli ajilipie. Jumatatu asubuhi tunanunua maziwa mabichi, ng'ombe yule yule, lita moja anatia kwenye chupa yake ya plastiki, lita moja natia kwenye kibuyu kilichofukizwa, friji hakuna. Ijumaa tunakaa mkekani kila mtu anakunywa yake mpaka tone la mwisho. Mi ntaanza.

Msomaji wa siku nyingi,
Ngamiani, Tanga